Mtoto Hakumbushwi Asichokijua

Lugha yetu ina tabia ya kuficha somo zima ndani ya neno moja. Chukua neno "makumbusho". Limetokana na kukumbuka. Ukimfanya mwenzako akumbuke umemkumbusha. Na mahali panapowekwa vitu vya kuwakumbusha watu tukapaita makumbusho. Watu wa Ulaya wana neno lao walilolirithi kwa Wayunani wa kale, ambao walilitumia kwa maana ya makao ya miungu ya kike ya nyimbo na elimu. Sisi hatukulifuata hilo. Tulijiundia letu, na ni neno zuri. Ila neno hili zuri lina sharti lisilotajwa: huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hakupata kulijua. Mtu mzima anakumbushwa. Mtoto wa miaka sita anakumbushwa nini?

Sisi tunaokaa Mwananyamala hatuna namna ya kulikwepa swali hili, maana neno lenyewe tunaamka nalo. Makonda wa daladala wanalinadi tangu alfajiri kama muuza samaki anavyonadi samaki wake. Kituo kikubwa cha daladala kilicho jirani yetu kimeitwa Makumbusho kwa ajili ya Kijiji cha Makumbusho, kile chenye nyumba za jadi za makabila yetu, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo. Watu wasiohesabika hushuka kituoni hapo kila siku, wakapanda gari jingine wakaenda zao, wasijue ndani ya uzio kuna nini. Kwa watoto wengi wa mtaani kwetu Makumbusho ni jina la stendi. Ukimwambia mtoto, "Kesho nitakupeleka Makumbusho," atakuuliza mtapanda gari la wapi mkifika hapo.

Kwa desturi sisi Waswahili tunahakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika sura hii ninakusudia kuhakiki kitu ambacho hakina mwandishi, nacho ni matembezi: siku ile ambayo familia inavaa nguo safi, inawachukua watoto wadogo na kwenda nao kutazama kazi za sanaa. Naamini matembezi hayo yana mwanzo, kati na mwisho kama hadithi, na yanaweza kuharibika kama hadithi inavyoharibika, yaani kwa kutoboa siri katika ukurasa wa kwanza.

Nianze na namna tuliyoizoea zaidi, ile ya shule. Nimekaa katika ualimu kwa miaka mingi, na namna hiyo naijua kama ninavyoujua ubao na chaki. Watoto sitini wanapangwa mistari miwili. Kila mmoja ana daftari. Wanaambiwa wasiguse, wasiseme, wasisukumane. Wakifika mbele ya kabati la kioo, mwalimu anasoma kwa sauti karatasi ya maelezo, nao wanaiandika: jina la kitu, kabila, mti uliotumika. Wanasogea kwenye kabati la pili. Jioni wanarudi na kurasa nne za maandishi, na ukimwuliza mmoja wao ameona nini, anafungua daftari ili akusomee. Macho yake hayakufanya kazi. Mkono wake ndio uliofanya kazi. Simlaumu mwalimu huyo. Ana watoto wengi, ana muda mchache, na akirudi atadaiwa ushahidi kwamba nauli za wazazi hazikupotea bure. Daftari ndilo ushahidi.

Familia inayokwenda yenyewe haina mzigo huo. Haidaiwi ripoti. Ina watoto watatu au wanne, si sitini. Hata hivyo nimeziona familia nyingi zikifanya vile vile kama shule, bila daftari. Baba anatangulia mbele akisoma karatasi za maelezo, mama anazuia mikono, watoto wanauliza choo kiko wapi. Baada ya saa moja wote wamechoka, na kinachosalia kuwa furaha ya siku ni soda na chipsi. Nadhani kosa liko kwenye mpangilio. Tunamwanzisha mtoto mahali ambapo kazi imekwisha, imekauka, imefungiwa kioo na kuandikiwa jibu. Tunamkumbusha asichokijua.

Kuna mahali ndani ya Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko pengine popote. Ni kumbukumbu ya watu waliouawa na bomu la tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, ambao wakati huo ulikuwa upande wetu huu wa Kinondoni. Sisi wa Mwananyamala tuliusikia mshindo ule. Mtu wa umri wangu akifika hapo husimama na kunyamaza bila kuambiwa. Anarudishwa siku ile, saa ile, na pale alipokuwa amesimama. Hayo ndiyo makumbusho kwa maana yake halisi. Wajukuu zangu walipita hapo wakifukuzana. Hawakukosa adabu. Walikuwa hawajazaliwa, na jiwe peke yake halina uwezo wa kumpa mtoto kumbukumbu ambayo ni ya babu yake. Ilinibidi nikae nao chini na kuwasimulia kwanza.

Basi likizo moja ya Juni tuliamua kubadili mpangilio. Tulikuwa watano: mimi, bibi yao, na wajukuu watatu, mkubwa ana miaka tisa, wa kati saba, na kitinda mimba mitano. Makumbusho ya Taifa tuliyaweka Jumamosi ya pili. Jumamosi ya kwanza tulikwenda Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga.

Historia ya mahali hapo inafaa ielezwe, kwa sababu wengi wetu tunalijua jina lakini hatumjui mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi kama walivyokuja vijana wengine wa kusini, akafanya vibarua vya aina mbalimbali. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa amesomea uchoraji, na hakuwa na fedha za kununua turubai wala rangi za wachoraji. Akatumia vilivyokuwepo: mbao za dari zilizokatwa mraba, na rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni wengi walikuwa wakinunua mahitaji yao. Alikusanya jamaa na vijana wachache akawafundisha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, wakaunda ushirika wao, na hadi leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji inayofahamika Ulaya, Marekani na Japani.

Watoto hawakuambiwa lolote katika haya kabla ya kufika. Tulifika tu, wakaamkia, "Shikamoo babu," na mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akaitika, "Marahaba wajukuu zangu," bila kuinua brashi. Mbele yake palikuwa na mbao sita zilizopakwa rangi ya nyuma, nyekundu inayofifia kuwa njano. Akachora twiga kwenye ubao wa kwanza, akauweka kando. Akachora kwenye wa pili, akauweka kando. Mjukuu wa kati alivumilia kidogo, kisha akauliza kwa nini hamalizi moja kwanza. Mzee akamwambia aguse pembeni ya ubao wa kwanza kwa ncha ya kidole. Kidole kikatoka chekundu. "Rangi hii haina haraka," akasema. "Mimi nikiwa na haraka, yenyewe itaniharibia. Kwa hiyo ninaizungukia." Mtoto yule aliutunza ule wekundu kidoleni mpaka tukarudi nyumbani, na bibi yake alipotaka kumwosha kabla ya kula akaomba aoshwe mkono mmoja.

Tulikaa pale saa mbili, na watoto wadogo hawakai mahali saa mbili ila wana jambo la kutazama. Walichokuwa wanatazama ni vidoa. Chui hakuwa chui mpaka vidoa vilipowekwa, na kila kidoa kilikuwa mguso mmoja wa brashi. Mkubwa akaanza kuhesabu, akapotea, akaanza upya. Ndipo nilipoelewa kwa nini michoro hii inawaingia watoto upesi. Katika picha za Tingatinga mwenyewe mnyama huwa mmoja, amejaa ubao mzima, hana kivuli, hana msitu wa mbali nyuma yake, na jicho lake ni kubwa. Mtoto naye huchora hivyo. Kitu cha maana anakichora kikubwa. Kisicho na maana hakichori. Lakini isidhaniwe kwamba Tingatinga alichora kitoto. Mtoto huacha vitu nje ya picha kwa kuwa hajaviona. Tingatinga aliviacha akiwa anavijua. Alikulia kijijini, alijua msitu una miti mingapi, na akaamua kwamba ndege wake atasimama peke yake kwenye uwanja wa rangi moja. Uamuzi huo ndio ufundi wake.

Mhakiki asiyesema upande wa pili ni mpiga debe, kwa hiyo niuseme. Ukitembea katika vibanda vya michoro ya namna hii, iwe Oysterbay au kwenye maduka ya vinyago Mwenge au ufukweni Unguja, utaona twiga yule yule, pundamilia wale wale, Mlima Kilimanjaro ule ule nyuma yao. Mjukuu mkubwa hakuwa na haya. Aliuliza, "Babu, mbona huyu wa hapa na wa pale ni mmoja?" Wapo wataalamu wanaosema kwa sababu hiyo kwamba hii si sanaa tena, ni biashara ya watalii. Naona hoja yao ina ukweli nusu. Kurudia peke yake si aibu. Mwimba taarabu anarudia kiitikio, mshona mkeka anarudia ukili, na hakuna anayewaambia waache. Aibu iko katika kurudia bila kutazama. Picha ya twiga iliyonakiliwa kutoka picha ya twiga, ambayo nayo ilinakiliwa kutoka picha nyingine, mwishowe inakuwa haina twiga ndani yake. Nilimjibu mjukuu wangu kwa kumpa kazi: atafute kati ya twiga wote wale mmoja ambaye aliyemchora alikuwa anamfikiria kweli. Alichukua muda. Alimpata mmoja ambaye shingo yake ilikuwa imepinda kidogo kutazama kitu kilicho nje ya picha. Sikumwambia kama amepatia au amekosa. Alikuwa amekwisha kuwa mhakiki.

Wiki nzima iliyofuata nyumbani kulikuwa na vidoa. Vidoa kwenye karatasi, vidoa vya mkaa kwenye ukuta wa uani, vidoa vya unga kwenye meza. Bibi yao alilalamika, mimi nikanyamaza. Jumamosi ya pili tukapanda daladala la Posta, kwenda Makumbusho ya Taifa.

Makumbusho hayo yaliundwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa watu mwaka 1940, wakati wa Waingereza, yakiwa na jina la mfalme wao George wa Tano. Baada ya Uhuru yaliongezewa jengo, na katika miaka yetu hii yakapanuliwa tena na kuitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Mna mengi ndani yake, na siwezi kumpitisha msomaji kote. Kuna habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey huko Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni moja na robo tatu. Kuna magari ya viongozi, ambayo kitinda mimba aliyapenda kuliko vyote. Tuliyapita haya kwa mwendo wa kawaida. Nilikuwa nimewaambia watoto kwamba siku hiyo kila mmoja atachagua kitu kimoja tu cha kukaa nacho, na kwamba karatasi za maelezo hazitasomwa mpaka mwisho.

Mkubwa alichagua kinyago cha Kimakonde, kile kinachovaliwa kichwani kama kofia. Wenyewe hukiita lipiko. Vikiwa vingi ni mapiko. Wengi tukisikia vinyago vya Wamakonde tunafikiria mpingo mweusi unaong'aa, ile minara ya watu waliobebana inayoitwa ujamaa, au mashetani yenye jicho moja. Vinyago hivyo vya mpingo, kwa namna tunavyovijua leo, vilishamiri katika miaka ya 1950 na 1960 kwa ajili ya wanunuzi wa mjini. Lipiko ni jambo jingine, la zamani zaidi. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mtu atacheza nacho. Uso huwekewa chale kwa nta ya nyuki, na baadhi yake hupandikizwa nywele halisi za binadamu.

Mtoto alikaa sakafuni mbele yake. Tukamwacha. Baada ya muda alisema, "Ana nywele za kweli." Kisha, "Haoni. Macho yake ni madogo." Kisha akainama, akatazama kutoka chini, akagundua kwamba kinyago kina utupu ndani na kwamba mdomo uko wazi. "Mtu anaingia humu. Anaonea mdomoni." Hakuna aliyemfundisha. Kama ningeanza kwa kumsomea karatasi, angelijua hilo kwa sekunde tatu na kulisahau kwa tatu nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wangu, na namwomba msomaji aende nami polepole. Katika mila ya Wamakonde, lipiko halikuwa kitu cha kutazamwa na mtoto kwa utulivu. Lilitoka wakati wa sherehe za jando na unyago, likicheza kwa ngoma, na wanawake na watoto waliambiwa kwamba kile ni kiumbe kilichotoka kwa wafu. Walikikimbia. Kuwa ndani yake mna mtu, tena pengine mjomba wako, ilikuwa siri ya wanaume. Mvulana aliijua siri hiyo jandoni, alipofunuliwa kinyago na kuuona mti, nywele na jasho la mchezaji. Tazama mpangilio wa wazee wale. Kwanza walimpa mtoto hofu na swali. Wakamwacha akae na swali hilo kwa miaka. Ndipo wakampa jibu, na siku aliyopewa jibu alihesabiwa mtu mzima. Walikuwa walimu, nami nikiwa mwalimu nawavulia kofia.

Kabati la kioo limegeuza mpangilio huo. Mtoto asiyewahi kukiogopa kinyago anapewa jibu kabla ya swali. Anaambiwa: hiki ni kinyago, ni cha mti, ni cha Wamakonde. Anasema sawa, anasogea. Siri imetobolewa kwa mtu ambaye hakuwa na habari kwamba kulikuwa na siri. Simaanishi kwamba turudishe hofu ile, wala kwamba wanawake wafungiwe nje ya chumba. Bibi yao alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, na maswali yake yalikuwa makali kuliko yangu. Nasema tu kwamba kitu kilichotengenezwa ili kiulizwe kinapaswa kuachwa kiulizwe, na mzazi ndiye mwenye uwezo wa kukiacha. Makumbusho hayawezi kumfanyia kila mgeni hivyo. Ni lazima yaweke maelezo, na ni lazima yaweke kioo. Jasho la mikono elfu linakula mti na rangi. Kazi ambayo baba zetu walichonga haitafika kwa vitukuu vyetu ikiwa kila mtoto ataishika. Wale wanaotaka kioo kiondolewe hawajafikiria vizuri. Ila kioo hakimzuii babu kunyamaza dakika kumi.

Tena kioo kina sababu nyingine, nami niliwasimulia watoto tukiwa nje, chini ya mti, tukila maandazi. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa wakaiba vitu 17, kimojawapo kikiwa lipiko. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, Uswisi, ambalo halikujua kwamba ni cha wizi. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano, Enrico Castelli, alikitambua. Kuanzia hapo yakafuata mazungumzo na barua za miaka 20, mpaka mwezi Mei 2010 hati zilipotiwa saini Paris na kinyago kikarudishwa Tanzania. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Nchi nyingi za Afrika bado zinadai vyao. Mimi nilikisimulia hivyo hivyo, kwa majivuno kidogo.

Mtoto wa miaka saba, yule wa kidole chekundu, aliuliza, "Babu, kule kwa wazungu walikuwa wanakicheza?"

Nikamwambia hapana, kilikuwa kimewekwa tu, kinatazamwa.

"Na hapa kinachezwa?"

Bibi yake akanitazama. Nilijibu kwamba hapa pia kinawekwa, lakini hapa ni nyumbani. Alilikubali jibu hilo kama watoto wanavyokubali jibu la mkubwa wakati maandazi bado yapo. Mimi naona lina uzito wa kutosha, kwani ni jambo kubwa mtoto wa Tanzania kuweza kukiona kwa nauli ya daladala kitu ambacho angekihitajia pasi na viza. Hata hivyo swali lake linatudai zaidi ya hapo. Kurudisha kinyago ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na watu wanaokijua, na watu hao hawatapatikana kwa mistari miwili na daftari. Mwizi wa 1984 alijua thamani ya alichokichukua. Ni wangapi kati yetu, siku ile, tungeulizwa nini kimepotea tukaweza kujibu?

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Mama anayeamkia mama ntilie na baba anayeshinda kwenye bodaboda hawana Jumamosi ya kwenda kutazama vidoa. Sitabishana nao. Nasema tu kwamba Mwananyamala hiyo hiyo ina mafundi kila kona: mshona mikeka, mchonga milango, mwandika mabango ya maduka, msusi wa nywele. Mtoto aliyewahi kukaa saa moja akimtazama msusi akigawa kichwa kwa mistari anakuwa amekwisha kuanza. Siku atakayosimama mbele ya kinyago chenye chale za nta, atauliza ni nani aliyezipanga na kwa nini zimekwenda hivyo. Hatakuwa anakumbushwa jambo la wageni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una Jumamosi moja tu mwaka huu, na watoto wadogo, na nauli ya kwenda mahali pamoja, ushauri wangu ni huu. Waanzishe kwa fundi aliye kazini. Ukipata Jumamosi ya pili, wapeleke kwenye kioo, uchague vitu vichache, uwahi kabla hawajasikia njaa, na usome karatasi ya maelezo mwisho kabisa, wakishamaliza kubuni yao. Ukipata ya tatu, usipande gari lolote ikiwa unakaa kwetu. Tembea kwa miguu hadi Kijiji cha Makumbusho, siku ambayo kuna ngoma. Sisi tulikwenda. Pale hakuna kioo kati ya mtoto na nyumba. Anainama kuingia, anagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango kama alivyogonga babu wa babu yake, na ngoma ikianza hakuna anayemwambia asimame kwenye mstari. Kitinda mimba alimkimbia mchezaji aliyevaa majani, akajificha nyuma ya khanga ya bibi yake, kisha akachungulia. Sikumwambia kwamba ndani ya yale majani kuna mtu.